Kozi Ngapi Muhula Huu?

Wiki ya kwanza ya muhula pale Mlimani ilikuwa na swali lake. Watu wakishaulizana habari za likizo na za nyumbani, kilichofuata ni "umesajili ngapi?" Aliyejibu tano hakugeukiwa na mtu. Aliyejibu sita aliambiwa amejipanga. Wa saba sifa zake zilimtangulia kafeteria. Idadi ya kozi ilikuwa imegeuka kipimo cha ushujaa, na sisi tuliotoka mikoani, tuliochangiwa nauli na ukoo mzima, tulikuwa wepesi wa kukishindania.

Nilikuwa naingia mwaka wa pili, nikisoma Historia na Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hiyo Mlimani yenyewe. Mwaka wa kwanza hatukuwa na la kuchagua. Idara ilitupangia kozi za lazima, ikaongeza stadi za mawasiliano na ile DS ya taaluma za maendeleo ambayo hakuna msomi wa Mlimani asiyeipitia. Mwaka wa pili ndipo opsheni zilipofunguka. Orodha ilibandikwa ubaoni ikiwa imejaa vichwa vya kutamanisha: fasihi simulizi, utungaji wa kamusi, historia ya biashara katika Bahari ya Hindi, historia ya uchumi wa Afrika Mashariki, Kifaransa cha kuanzia kwa waliotaka lugha ya tatu. Nilizitaka zote. Nikajaza saba, nikaenda kwa mshauri wa masomo nipate sahihi yake.

Mshauri alikuwa mwalimu wa historia, mtu mzima asiyependa maneno mengi. Vitabu vilikuwa vimejaa ofisini mwake hadi juu ya kiti cha mgeni, ikabidi kwanza nihamishe rundo ndipo nikae.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umeleta orodha au umeleta ratiba?"

Sikuelewa. Nikampa fomu. Akaisoma mara moja, akaigeuza upande wa nyuma uliokuwa mtupu, akavuta rula. "Hii uliyoleta ni orodha," akasema. "Sasa tutengeneze ratiba."

Akapiga mistari, siku saba kushuka chini, saa kwenda pembeni. Hakuniuliza napenda nini. Aliuliza nalala saa ngapi, nasali siku gani, nani ananipikia, nakaa wapi. Nikamwambia nakaa kwa mjomba, Mbagala Rangi Tatu. Kalamu ikasimama.

"Unatoka nyumbani saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri, Mwalimu."

"Unafika?"

"Nikibahatika, saa moja."

Aliyewahi kukaa Mbagala miaka ile anajua kubahatika ni nini. Unashika Barabara ya Kilwa, unaingia ya Mandela, unakutana na foleni ya TAZARA, ukiivuka inakungoja ya Buguruni, kisha unashuka Ubungo kugombea gari la Chuo. Jioni ni yale yale kinyumenyume, na mvua ikinyesha hakuna mwenye uhakika wa lolote. Mwalimu akaandika saa nne kwa siku, akazidisha kwa siku tano, akapata 20. Akazipigia mstari. Kisha akaweka chini yake hesabu nyingine, ambayo mwaka mzima niliokaa pale hakuna aliyekuwa amenionyesha.

Katika mfumo wa krediti unaofuatwa na vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Si saa 10 za kumsikiliza mwalimu. Ni jumla ya mhadhara, semina, kusoma, kuandika na kujiandaa kwa mtihani. Digrii ya miaka mitatu ina krediti 360, yaani 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula. Kozi ya krediti 12 kwa hiyo ni saa 120, na ukizigawa kwa wiki 15 za masomo unapata saa nane kila wiki. Katika hizo nane, darasani unakaa labda tatu. Tano zilizobaki hazimo kwenye ratiba ya chuo; ni juu yako kujua zitatoka wapi.

Kozi tano za namna hiyo ni saa 40 kwa wiki, kazi kamili ya mtu aliyeajiriwa. Saba ni saa 56. Mwalimu akajumlisha na zile 20 za daladala, ikawa 76, karibu saa 11 kila siku, Jumapili ikiwemo. Na hapo sijala, sijafua, sijamsaidia mjomba dukani.

"Barabara yako peke yake ni kozi mbili na nusu," akasema. "Hata usipoisajili, itajisajili yenyewe."

Nikajitetea kwamba wenzangu kadhaa wamechukua saba na idara imewakubalia. Akanitazama juu ya miwani. "Wenzako wanalala Hall 2, humu humu chuoni. Wakiamka saa moja na nusu, saa mbili wako Yombo wamekaa mbele. Wewe saa hiyo umeshafanya kazi ya nusu siku." Hakukata hata kozi moja. Alinirudishia fomu bila sahihi, akaniambia nihudhurie zote saba mpaka dirisha la kuongeza na kuondoa kozi litakapokaribia kufungwa, kisha nirudi na uamuzi wangu mwenyewe.

Siku zile za kuonja kozi zilinifundisha jambo ambalo hata hesabu ya Mwalimu haikulionyesha: kozi mbili zenye krediti sawa hazilingani uzito, kwa sababu kila kozi ina tabia yake. Kozi za historia zilikuwa za kusoma. Unapewa makala mbili au tatu kwa wiki, kitabu chenyewe kiko maktaba nakala moja, hakitoki nje, na foleni ya wanaokisubiri ni ndefu. Usipokipata unakwenda steshenari kutafuta fotokopi ya fotokopi, ambayo kingo za kurasa zimeliwa na mashine. Kozi ya namna hii inavumilia kuahirishwa. Unaweza kuikimbia wiki mbili, ya tatu ukapiga msuli hadi usiku wa manane ukaifikia. Ndiyo maana inadanganya. Ukiwa na nne za aina hiyo utaziahirisha zote nne, na zote zitakudai wiki moja.

Kifaransa kilikuwa na tabia nyingine kabisa. Kilitaka nusu saa ya kila siku na hakikukubali kulipwa kwa mkupuo. Mwenzetu mmoja, kichwa kweli kweli, mzoefu wa kukesha na madesa siku mbili kabla ya mtihani na kuondoka na A, alijaribu mbinu hiyo kwenye vitenzi vya Kifaransa. Asubuhi ya testi alivijua vyote. Aliposimamishwa kuzungumza, kinywa kilikataa. Lugha, hisabati, muziki na programu za kompyuta ziko kundi hilo: haba na haba kila siku.

Fasihi simulizi ilikuwa ya uwandani. Darasani ilikuwa nyepesi na ya kuchekesha, watu wakidhani wamepata cha bure, mpaka ukurasa wa pili wa muhtasari wa kozi, panapoelezwa kwamba kila mwanafunzi atakusanya masimulizi kwa wasimulizi wenyewe, ayarekodi, ayanukuu neno kwa neno na kuyachambua. Ukishanukuu kanda moja ya bibi anayesimulia huku akikohoa, akicheka na kukemea wajukuu, unajua saa moja ya kurekodi inazaa saa ngapi za kuandika. Na kulikuwa na kozi za kazi za vikundi, watu kumi kwenye karatasi, watatu kwenye kazi. Hizo saa zake hata si zako. Unakutana pale watu wengine wanapopata nafasi, na kwa anayekaa Mbagala nafasi hiyo mara nyingi ilikuwa saa mbili usiku.

Mchana mmoja nilikalia kimbweta cha kusomea chini ya mwarobaini nikapanga mihtasari yote saba mezani, mawe juu yake isipeperuke. Nilichotafuta ni tarehe tu. Testi ya kwanza ya kila kozi iko wiki ya ngapi, insha inakusanywa lini, mawasilisho ni lini. Niliandika kila tarehe kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Wiki ya saba ilikuwa na testi nne. Wiki ya 12 ilikuwa na insha tatu na wasilisho. Wiki ya tatu, ya nne na ya tano zilikuwa tupu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanafunzi wengi husema muhula umeanza vizuri: hakuna kinachodaiwa. Mtu anapima mzigo wake wiki ya tatu, akauona mwepesi, akajipongeza. Mzigo wa muhula hupimwa kwa wiki yake mbaya kuliko zote.

Nikabaki na tano: za lazima, fasihi simulizi, na Kifaransa. Historia ya biashara ya Bahari ya Hindi niliiacha kwa shingo upande, maana mwalimu wake alikuwa na jina kubwa na kila mhadhara wake watu walisimama hadi mlangoni. Lakini ilikuwa kozi ya kusoma, ya tatu kwenye orodha yangu, na insha yake iliangukia wiki ya 12. Mwalimu alipoona karatasi ya tarehe aliweka sahihi bila kuuliza zaidi.

Kozi yenyewe sikuiacha kabisa. Nilimwomba mhadhiri niwe nakaa nyuma kama msikilizaji, bila kusajiliwa wala kufanya mtihani, akacheka akasema viti si vyake. Wiki nilizoweza nilikwenda, nilizoshindwa sikudaiwa kitu. Njia hii inafaa kwa kozi ya mihadhara ambayo mtu anaipenda. Kwa lugha au hisabati haifai: bila testi ya Ijumaa wengi wetu hatufanyi mazoezi ya Alhamisi. Hata hivyo ilinisaidia kutenga mambo mawili niliyokuwa nimeyachanganya, kutaka kujua kitu na kutaka kitu hicho kionekane kwenye cheti.

Cheti nacho kina hesabu yake, na si vibaya kuifanya mapema. Wengi hujipa moyo kwamba kozi ya ziada haiwezi kumdhuru mtu. Ikigoma, atakwenda sapu, yaani mtihani wa marudio. Tuchukue mwanafunzi mwenye kozi tano za krediti 12, zote kapata B+, ambayo ni pointi 4. Wastani wake ni 4.0, daraja la pili la juu. Sasa mwongezee kozi ya sita, aipate kwa C, pointi 2. Wastani unashuka hadi 3.67. Bado yuko salama, kwa sababu daraja hilo linaanzia 3.5. Ila kozi ya sita hula saa za kozi nyingine. Tuseme imezivuta mbili kati ya zile tano kutoka B+ hadi B. Sasa ana 3.33, yuko daraja la pili la chini, na hakuna somo hata moja alilofeli wala sapu aliyoitwa. Matokeo yakitoka atawalaumu wasahihishaji.

Rafiki yangu wa tangu sekondari alikuwa upande wa uhandisi, naye alinicheka sana kwa kuhangaika hivi. Kwao swali la ngapi halikuwapo. Ratiba ilishuka kutoka juu imekamilika, maabara zinameza mchana mzima, na likizo ndefu inapofika wanapelekwa viwandani na kwenye miradi kwa mafunzo kwa vitendo. Lakini nilimwona akifanya hesabu ile ile kutokea upande mwingine. Kwa kuwa kozi hazikupungua, alipunguza kilichobaki. Aliacha tuisheni ya jioni aliyokuwa akifundisha Sinza, ingawa ilimlipa vizuri wiki ambazo bumu, yaani posho ya mkopo, limechelewa, akaibakiza ya Jumamosi tu. Alipotakiwa agombee uongozi wa hosteli alikataa. "Mwanangu, mimi nimeshapangiwa saa 40 na ushei," aliniambia, "sasa nachagua nini kiondoke." Wenye programu zisizo na opsheni, wauguzi, wanasheria wa mwaka wa kwanza, madaktari, wako hapo alipokuwa yeye.

Muhula uliofuata nilipata kitanda hosteli ya Mabibo. Hapo nikasajili sita, na aliyeniona muhula uliopita angedhani nimekuwa shujaa. Sikuwa nimeongezeka akili; nilikuwa nimepata saa. Kozi sita ni saa 48 kwa wiki, na safari ya Mabibo hadi Mlimani, hata kwa kuchelewa basi, haikufika saa tano kwa wiki nzima. Jumla haikuzidi 53. Zile tano za kutokea Mbagala zilikuwa 40 na 20, yaani 60. Sita zilikuwa nyepesi kuliko tano. Tangu hapo nimeacha kusema fulani ni mtu wa kozi tano na fulani ni wa sita. Idadi haikai ndani ya mtu, inakaa ndani ya muhula.

Miaka michache baadaye binti wa mjomba yule yule alikwenda kusoma Minnesota, Marekani, ambako uhuru wa kuamua ni mkubwa kuliko wetu, na kwa hiyo mtego nao ni mkubwa. Kule digrii ya kawaida ni krediti 120, na krediti yao moja ni saa moja ya darasa kwa wiki na saa mbili za kujisomea. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo hatakiwi kushuka chini ya krediti 12 kwa muhula, na akifanya kazi chuoni wakati wa masomo asizidi saa 20 kwa wiki. Alinipigia simu mwezi Agosti, amechanganyikiwa.

"Kaka, wanasema 12 zinatosha kuhesabiwa mwanafunzi kamili. Wengine wanasema nichukue 15 au 16. Nifuate nani?"

Tulifanya hesabu pamoja simuni. Kumi na mbili kwa mihula minane ni 96. Zinabaki 24, yaani mwaka mzima wa ziada, wenye kodi yake ya nyumba na baridi yake. Kumi na tano kwa mihula minane ni 120 kamili. Kwa upande mwingine, 12 ni saa 36 za kazi, ukiweka na kibarua cha saa 20 kwenye jiko la chuo ni 56. Na huyu alikuwa hajawahi kuona theluji wala kusikia lafudhi ya watu wa huko zaidi ya kwenye filamu. Aliamua kuanza na 12, akijua kabisa kwamba ana deni la kozi moja, na akaandika tangu siku hiyo ni muhula gani wa mbele atailipa. Alimaliza kwa miaka minne.

Hapo pana upande wa pili wa jambo hili, unaosahauliwa na wanaohubiri kupunguza. Kuchukua chache nako kuna gharama. Nyumbani Tanzania, mkopo wa Bodi ya Mikopo hupangwa kwa miaka ya programu, na anayejikuta anadaiwa kozi baada ya wenzake kuvaa joho hujikuta pia hana bumu. Kozi nyingi hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Ukiikosa Machi, unaisubiri hadi Machi nyingine. Nyingine ni daraja la kuendea kozi ya mwaka wa tatu, na ukiiacha umefunga mlango ambao bado hujaufikia. Kwa hiyo nikiona kijana amepunguza kozi kwa sababu tu anataka kupumua, humuuliza atairudisha lini. Akiwa na jibu, apumue. Akiwa hana, ameahirisha tu.

Siku hizi mimi ndiye ninayetumiwa picha za fomu kwenye simu. Karibuni ilikuja ya mpwa wangu anayesoma Dodoma, mwaka wa pili, mama wa mtoto wa miezi minne. "Shikamoo mjomba. Nimeweka sita, naomba ushauri." Sikumjibu kuhusu zile sita. Nilimwomba aniandikie wiki yake: mtoto ananyonya saa ngapi, nani anabaki naye, usiku anaamka mara ngapi, testi ziko wiki gani, na kozi ipi kati ya hizo ni ya lazima, ipi ni opsheni. Ilimchukua jioni nzima. Aliponitumia, jibu lilikuwa tayari limo ndani na alikuwa ameliona mwenyewe. Nilichofanya ni kumwambia apeleke karatasi hiyo, si ile fomu, kwa mshauri wa idara yake kabla dirisha halijafungwa.

Alitoka huko na kozi tano. Walikaa pamoja wakahakikisha krediti zake hazishuki chini ya kiwango cha muhula, na iliyoondoka ni opsheni isiyofungua wala kufunga kozi nyingine yoyote. Mwakani itafundishwa tena, mtoto atakuwa anatembea, na ameshaiandika kwenye muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu.